Leza yapima uzito wa mikoko bila ya kukata mti



Mgeni anayeingia Maskati, mji mkuu wa Oman uliozungukwa na milima ya mawe matupu, huenda asitarajie kuona msitu. Hata hivyo, katika mtaa wa Qurm, mahali ambapo bonde hukutana na bahari, umesimama msitu wa mikoko uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Neno qurm lenyewe, kwa Kiarabu, ni mkoko. Miti yake ni ya aina moja tu, nayo ni mchu, ule ule wanaoufahamu watu wa Lamu, Tanga na Unguja.

Je, miti hiyo ina uzito gani? Enzi za majahazi, boriti za Rufiji na Lamu zilizopelekwa Oman kuezekea nyumba zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Leo kinachohesabiwa ni kaboni iliyomo ndani ya mti. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza haki za kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamewapatia wanakijiji maji na vifaa vya shule. Uzito wa mti ukikadiriwa pungufu, nayo malipo hupungua.

Njia ya zamani ni kuzungushia utepe shina la mti, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha kutumia kanuni ya hesabu kukisia uzito wake. Lakini kanuni hiyo ilipatikana kwa kukata miti na kuipima kwenye mizani, jambo ambalo hakuna atakayeliruhusu katika hifadhi ndogo kama ya Qurm. Isitoshe, mchu hutawanya matawi tangu chini. Utepe huo uzungushwe shina lipi?

Hapo ndipo leza inapofaa. Chombo husimamishwa juu ya miguu mitatu na kurusha mapigo ya mwanga pande zote, mamia ya maelfu kwa sekunde. Pigo likigonga tawi lililo umbali wa mita 15, hurejea baada ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, na muda huo ndio unaoonyesha umbali. Kwa kuwa mti mmoja huuficha mwingine, chombo huhamishwa mara kadhaa. Kompyuta huunganisha vipimo vyote vikawa wingu la mamilioni ya nukta, kisha huvika kila shina na tawi umbo la bomba. Ujazo wa mabomba hayo ukizidishwa kwa msongamano wa ubao, uzito umepatikana.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 uliijaribu njia hiyo kwa mikaratusi 65 iliyopimwa kwa leza, kisha ikakatwa na kupimwa kwenye mizani. Leza ilizidisha uzito kwa takriban asilimia 10. Kanuni za zamani zilipunguza kwa asilimia 30 na zaidi. Kwa anayelipwa kwa kaboni, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, mikokoni kazi haiwi nyepesi. Miguu ya chombo huzama topeni, na upepo ukitikisa matawi nukta huvurugika. Maji nayo hufunika mizizi midogo ya kupumulia iliyochomoza kama penseli, na kwa kuwa vyombo vingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, ambao maji huumeza, sehemu hiyo haipimiki mpaka maji yapwe.

Upungufu mkubwa zaidi uko chini. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo katika udongo, na leza haipenyi tope. Kwa hiyo mtaalamu anayebeba chombo hicho hubeba pia bomba la chuma la kuchukulia sampuli za udongo, na yote mawili huyafanya kwa haraka kabla maji hayajajaa tena.