Mizani na Vina vya Dijei: Kulinganisha Kasi na Funguo za Nyimbo katika Arusi za Garsen

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru, jopo la wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na Thomas Kalume, lilichukua lahani ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, likaitungia maneno mapya na kuipa sauti za kuisindikiza. Huo ndio wimbo wa taifa. Kazi ya namna hiyo, ya kuifungamanisha lahani na sauti nyingine pasipo kuivunja, humkabili pia dijei anayealikwa arusini Garsen, mji uliopo barabara ya Malindi inapogawika kuelekea Lamu na Hola. Waalikwa hutaka nyimbo za Kipokomo, taarabu, bongo fleva na muziki wa dansi wa kielektroniki usiku huohuo, wala hawapendi kimya baina ya wimbo na wimbo.

Mwanafunzi wa ushairi ataielewa kazi hii akikumbuka arudhi. Kasi, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, ni mfano wa mizani. Ufunguo, yaani jamii ya noti ambamo wimbo umejengwa, ni mfano wa vina. Hata hivyo mfano huu una kasoro moja kubwa: mshairi aweza kurekebisha mizani asiguse vina, ilhali katika santuri viwili hivyo hubadilika pamoja.

Tuseme wimbo mmoja una mapigo 124 kwa dakika na mwingine 128. Kasi hizi ni za kawaida katika muziki wa house, uliozaliwa Chicago katika miaka ya 1980. Ili wa kwanza uufikie wa pili, sharti uharakishwe kwa asilimia 3.2. Kasi peke yake haitoshi. Pigo la kwanza la wimbo unaoingia liangukie pigo la kwanza la kifungu cha ule unaotoka, na aghalabu kifungu huwa na mapigo 16 au 32. Kuuingiza katikati ya kifungu ni sawa na kuanza ubeti mpya katika mshororo wa tatu.

Ama kuhusu ufunguo, santuri ikizungushwa kwa kasi zaidi sauti nayo hupanda. Mashine ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, huruhusu kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Badiliko la takriban asilimia 6 hupandisha wimbo kwa nusutoni kamili. Kwa hiyo asilimia 3.2 ni hatari kuliko inavyodhaniwa: wimbo hubaki katikati ya funguo mbili, usiwe na jirani wa kupatana naye. Programu za kompyuta huweza kuushikilia ufunguo usibadilike, lakini badiliko likiwa kubwa sauti ya mwimbaji hukwaruza na mlio wa ngoma hupoteza ukali wake.

Funguo zenyewe huchaguliwa kwa kutumia gurudumu la Camelot, lililobuniwa na Mark Davis. Lina namba 12. Herufi A ni ya funguo za maina na B ni ya meja. C meja ni 8B, jirani zake ni 7B (F meja) na 9B (G meja), na mwenzake wa maina ni 8A. C meja na G meja hushiriki noti sita kati ya saba. Ndiyo sababu sikio halishtuki wimbo unapotoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine.

Ugumu hujitokeza pale wimbo unapokuwa wa sauti na ngoma tupu, uliorekodiwa kijijini. Lahani ya noti tano, kwa mfano C, D, E, G na A, inaingia sawasawa katika C meja, F meja na G meja. Programu itataja ufunguo mmoja kwa kubahatisha tu. Ngoma nazo hazifuati saa: wapigaji huongeza kasi wachezaji wanapochangamka. Tena midundo mingi ya pwani, chakacha ikiwamo, hugawa kila pigo mara tatu, ilhali house hugawa mara mbili au nne. Hili la mwisho halizuii mchanganyiko, mradi pigo kuu la chakacha lilingane na pigo kuu la house.

Katika hali hiyo dijei makini hulifuata sikio lake. Huupunguzia wimbo wa kielektroniki besi na vinanda, akabakisha ngoma zake tupu, kwa kuwa ngoma hazigombani na ufunguo wowote. Kisha hurekebisha kasi ya wimbo wa kielektroniki, siyo ya ule wa Kipokomo. Wasikilizaji hawataujua muziki wa house uliopunguzwa kwa asilimia 5. Bibi aliyeimbiwa bembelezi utotoni ataitambua mara moja sauti iliyopandishwa kwa nusutoni, naye atadhani ameimba mtu mwingine.