Madimbwi ya Makorongoni: Kwa Nini Moja Hukauka na Jingine Hudumu

Masika yakiisha, mikondo ya makorongo hukatika, ukabaki mchanga mtupu na hapa na pale dimbwi. Baada ya miezi miwili dimbwi moja limekuwa tope lililopasuka, na jingine, lisilo mbali nalo, lingali na maji ya kutosha ng'ombe na bustani. Watu husema ni bahati ya mahali. Sababu iko chini ya ardhi, na yampasa mkulima wa Tongoni kuijua kabla hajapanda mboga zake kando ya maji.

Madimbwi ni ya namna mbili. La kwanza ni kama bakuli: chini yake pana udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, nalo hujazwa na mvua na mafuriko tu. Jua likilipunguza robo inchi kila siku, dimbwi lenye kina cha futi tatu litakwisha kwa siku 144. Basi lililojaa mwanzo wa Juni halifiki mwisho wa Oktoba, hata kama hapana atekaye. Na vuli ikichelewa je? Dimbwi la namna hii usilichimbe kwa tamaa ya kuongeza kina, kwa maana ukiutoboa ule udongo, maji yatazama mchangani.

La pili si bakuli, ni dirisha. Mvua iliyonywewa na ardhi hukaa ndani ya mchanga na mawe yenye nyufa, nayo ina usawa wake. Penye shimo lililo chini ya usawa huo, maji huonekana. Jua huyapunguza, nayo hurudishwa kutoka pembeni. Dimbwi hili hudumu maadamu usawa ule haujashuka chini ya kitako chake. Kwa hiyo laweza kukauka pasipo mtu kuligusa, ikiwa jirani amechimba kisima kirefu na kuyavuta maji kwa pampu.

Njia ya kuyatambua ni rahisi. Chomeka kigingi dimbwini na ukitie alama penye uso wa maji. Kando yake fukia karai hata ukingo, ulijaze maji, ulizungushie miiba. Ngoja siku nne zisizo na mvua, wala watu wasiteke wala mifugo isinywe, kisha pima. Karai hupata joto na kupungua zaidi kidogo kuliko dimbwi. Tofauti hiyo ndogo usiihesabu. Lakini kama dimbwi halikushuka, au limeshuka kidogo mno, linalishwa kutoka chini. Kama limeshuka upesi kuliko karai, linavuja. Mikuyu mibichi wakati wa kiangazi ni dalili njema pia, ila kigingi ni shahidi bora.

Maji ya chini nayo hayajazwi kila mwaka sawasawa. Huko Makutupora, kaskazini ya Dodoma, panapotoka maji ya mji ule, visima vimepimwa tangu miaka ya 1950. Ilionekana kwamba katika miaka 55 misimu saba tu ya mvua kubwa ilileta sehemu 60 katika kila mia ya maji yote yaliyoingia ardhini. Katika misimu mingine mingi hayakuongezeka hata kidogo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliongeza mengi mno. Basi anayetumia dimbwi la dirisha hutumia akiba ya mvua za zamani, na mwaka mmoja mzuri usimdanganye.

Kwetu pwani kuna jambo la zaidi. Karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko futi 40 hivi chini yake. Ukiushusha uso wake futi moja, chumvi hupanda kama futi 40 kuyafuata. Afadhali visima vitatu vifupi, kila kimoja kitekwe kwa zamu asubuhi na kupumzishwa mchana, kuliko kimoja kirefu.