Kumngoja Mtoto wa Kwanza

Leo twapenda kuzungumza na wale wanaomngoja mtoto wao wa kwanza, pamoja na wazazi wao, maana mtoto haji kwa watu wawili tu.

Hapa kwetu Malindi wako wasiopenda kununua hata kitambaa kimoja kabla mtoto hajazaliwa. Husema kwamba ni uchuro, yaani kuuita msiba. Hatuwacheki, kwa kuwa wengine wao wamewahi kuzika. Lakini mara nyingine hofu hiyo huvaa nguo za imani, nasi tukasema, "Tumwachie Mungu." Kisha uchungu waanza usiku wa manane: nauli haipo, mume yuko baharini, na mama mkwe asema tungoje mpaka arudi. Je, huko ndiko kumwachia Mungu?

Mtazameni Mariamu. Alijifungua mbali na kwao, mtoto akalazwa mahali pa kulishia mifugo. Lakini Luka atusimulia kwamba vitambaa vya kumfungia mtoto vilikuwepo. Kitanda hakikupatikana, ila nguo zilipatikana. Malaika alikuwa amekwisha kumwambia habari za mtoto huyo, na hata hivyo alijitayarisha. Nani atasema kwamba alikosa imani?

Pwani yetu nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huohuo homa ilimwua Rosine, siku chache baada ya kujifungua binti, na mtoto naye akafuata. Walikuwa watu wa maombi. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilijulikana mwishoni mwa karne ile. Kisha katika miaka ya 1990, huku kwetu Kilifi, watafiti walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa, wakaona vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa karibu theluthi moja. Basi chandarua si adui wa maombi. Sisi twaamini ni mojawapo ya majibu yake.

Nyumba itayarishwe vipi? Kwanza, mama aanze kliniki mapema, alale ndani ya chandarua, ameze dawa za kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu kama aelekezwavyo, na achomwe sindano ya pepopunda. Pili, kanga laini zifuliwe na kuanikwa juani. Tatu, nauli iwekwe kando, na mwenye gari au tuktuk aambiwe mapema, hasa kwa wakaao Marafa au ng'ambo ya Mto Sabaki. Nne, ndugu wawezao kutoa damu wajulikane.

Jambo la tano halina gharama, nalo ndilo husahauliwa: ruhusa. Mume na wazee waseme leo, "Uchungu ukianza, nendeni, msitungoje." Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona kiwi, au kifafa kikimshika mama, hakuna kikao tena, ni hospitali mara moja. Na mtoto akizaliwa, anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila hata maji.

Na moyo je? Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, na alipompata alimrudisha kwa Mungu. Alijua kwamba mtoto ni amana. Kadhalika sisi, kabla ya kuchagua jina, na tuseme, "Bwana, huyu ni wako." Mume na mke waliokosana na wapatane sasa, maana mtoto hulala vibaya katika nyumba ya ugomvi. Na baba asione haya kuchota maji na kupika uji.

Neno la mwisho ni kwenu mliokwisha kufiwa. Nguo mlizonunua hazikumwua mtoto wenu. Mungu hakukasirishwa na furaha yenu. Mkibarikiwa tena, msiogope kujitayarisha tena.

Tuombe. Ee Baba, wewe wawajua watoto kabla sisi hatujawaona. Walinde mama wote wanaokaribia kujifungua usiku huu. Utupe mikono iliyo tayari na mioyo isiyo na hofu. Katika jina la Yesu. Amina.