Urithi wa Rangi za Mabata

Bata dume na jike wenye rangi huweza kuzaa vifaranga, na baadhi yao wakikua wakawa weupe kabisa. Hapo huzuka ugomvi: mayai yamebadilishwa, au dume wa jirani ameingia bandani. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba yawezekana pasiwe na mwizi wala hila.

Kila bata hurithi sehemu mbili za rangi, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa mabata wa Peking, ambao asili yao ni China, sehemu ya rangi huifunika ile ya weupe. Basi mweupe akizaa na mwenye rangi halisi, watoto wote huwa na rangi, lakini weupe umejificha ndani yao. Hao wakizaana wao kwa wao, kwa kadiri mmoja katika 4 huwa mweupe. Kanuni hiyo aliieleza Padre Gregor Mendel mwaka 1866, alipochunguza njegere.

Atakaye weupe watupu, na achague dume na jike weupe. Nao wazee wa baraza wasikate shauri la mayai kwa kutazama rangi ya kifaranga peke yake.