Mbeleko ya Mgonjwa Haina "Bado Inafaa"

Katika mitaa ya Sombetini, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Jiji la Arusha, wapo wagonjwa wasioweza kuinuka wenyewe: wazee waliopatwa na kiharusi, vijana walioumia uti wa mgongo katika ajali za pikipiki, na wengine waliovunjika nyonga. Watu hao huinuliwa kwa mikono ya jamaa zao, mara nyingi ndani ya blanketi au khanga, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye bajaji iendayo hospitali. Kazi hiyo ni ya huruma, nasi twaiheshimu. Lakini huruma peke yake haimzuii mtu kuanguka.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu hatujakizoea, nacho ni mbeleko ya kuinulia mgonjwa. Ni kitambaa imara, aghalabu cha poliesta au nailoni, chenye kanda na vitanzi, ambacho hupitishwa chini ya mwili wa mgonjwa, kisha vitanzi vikatundikwa kwenye kulabu za mashine ya kuinulia. Zipo pia mbeleko zenye mishikio pande zote, ambazo hubebwa na watu kwa mikono. Mama yeyote aliyembeba mwanawe mgongoni ataelewa mara moja jambo lililo muhimu hapa: usalama wa abebwaye umo katika nguo na katika fundo.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imepokea taarifa za wagonjwa walioanguka wakati wa kuinuliwa kwa vifaa hivi, wakaumia kichwa, wakavunjika mifupa, na wengine wakafa. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 huwataka waajiri wahakikishe kuwa vifaa vya kuinulia watu, mbeleko zikiwamo, vinakaguliwa kikamilifu na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miezi 6. Ikiwa wenye vifaa tele wanafanya hivyo, sisi wenye vichache tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Ukaguzi wa kila siku hauhitaji mhandisi. Kabla ya kumwinua mgonjwa, mbeleko na itandazwe penye mwanga. Itazamwe mishono kama imefumuka, vitanzi kama vimelika, na kitambaa kama kimetoboka, kimekuwa chembamba au kimepauka. Isomwe lebo yake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza uzito unaoruhusiwa, ukubwa wa mbeleko na namna ya kuifua. Mbeleko isiyo na lebo inayosomeka isitumike, maana hakuna ajuaye mpaka wake. Kamba hukatikia pabovu, na mahali pabovu huonekana mapema kwa mwenye kutazama.

Wakati wa kuinua, magurudumu ya kitanda na ya kiti anachohamia mgonjwa yafungwe. Mbeleko iwe ya kipimo cha mgonjwa huyo na iwe inapatana na mashine iliyopo. Vitanzi vya kulia na vya kushoto viwe vya urefu mmoja, isije mgonjwa akaegemea upande. Ainuliwe kwanza kidogo tu juu ya kitanda, ikaguliwe kila kulabu, ndipo safari iendelee. Wawepo watu wawili, mmoja wa kuinua na mmoja wa kumwongoza mgonjwa. Naye mgonjwa aelezwe kila hatua kabla haijafanywa, kwani ni binadamu mwenye heshima yake. Asiachwe akining'inia hata kidogo.

Katika kufua, lebo ndiyo ifuatwe. Kwa kawaida sabuni ya kiasi hutosha. Jiki hudhoofisha nyuzi, na pasi yenye moto huziharibu. Mbeleko ianikwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hula kitambaa polepole bila mtu kuona.

Sasa tuguse jambo ambalo wengi hulionea haya. Sisi ni watu tuliozoea kushona, kubandika na kuendelea, na tabia hiyo imetufaa sana katika maisha. Lakini katika mbeleko ya mgonjwa, neno "bado inafaa" laweza kugharimu uhai. Mbeleko iliyochanika haishonwi nyumbani wala haifungwi kwa kamba. Huondolewa, kisha hukatwa vipande ili asije mwingine akaiokota na kuitumia. Kadhalika vifaa vya msaada vipokewe kwa macho mawili. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa tiba vya msaada vilivyofikia kutumika. Mfadhili ashukuriwe, na kifaa chake kikaguliwe.

Hapana budi pia tukumbuke mgongo wa muuguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na kuinua wagonjwa kutwa nzima bila kifaa ni njia ya hakika ya kuumia. Muuguzi akilazwa kwa maumivu ya mgongo, wodi nzima imepungukiwa.

Tunatoa wito kwa zahanati na hospitali zetu: kabla ya kumruhusu mgonjwa asiyeweza kuinuka arudi nyumbani, jamaa zake wafundishwe kwa vitendo namna ya kumwinua. Kila mbeleko iwe na daftari lake la ukaguzi na mtu mmoja anayewajibika nayo. Na kasoro ya kifaa ikionekana, taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mambo haya yanahitaji dakika chache na nidhamu, wala hayangoji bajeti mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa wa mzee hauungiki kwa urahisi kama ukuta.