Hatari Hii Ibebwe na Nani?

Mei 2018, habari kutoka Botswana zilishtua wizara za afya kote Afrika. Utafiti wa Tsepamo ulikuwa umehesabu uzazi 426 wa wanawake waliomeza dolutegraviri, dawa mpya ya virusi vya Ukimwi, tangu kabla ya kushika mimba. Katika visa vinne, mtoto alikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Kwa kawaida hutarajiwa kisa kimoja hivi kati ya elfu. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikawazuilia dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Wao wabaki na efavirenzi, dawa ya zamani zaidi.

Efavirenzi huokoa maisha, lakini ina madhara yake: kizunguzungu, ndoto za kutisha. Mama mboga wa Kariobangi, Nairobi, anayedamka saa kumi usiku kuwahi bidhaa katika soko la Marikiti hawezi kuyachukulia hayo kuwa madogo.

Julai mwaka huo, wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18, walikutana Kigali chini ya AfroCAB, mtandao wa Kiafrika wa watetezi wa matibabu ya virusi hivyo. Takwimu za Botswana hawakuzikana. Walichohoji ni kwa nini mwanamke asiyetaka mtoto tena, au anayetumia uzazi wa mpango, anyimwe dawa bora kwa ajili ya mimba ambayo haipo. Wakataka waelezwe hatari, kisha wachague wenyewe. Shirika la Afya Duniani likasikiliza. Takwimu nazo zikaendelea kuja: kufikia 2019 visa vilikuwa 5 kati ya uzazi 1,683, na dolutegraviri ikapendekezwa kwa wote.

Hesabu zingeshuka hata wanawake wale wangekaa kimya. Lakini hoja yao ilikuwa sahihi hata kabla hazijashuka. Utafiti hupima ukubwa wa hatari. Kama hatari hiyo inafaa kubebwa, na nani aibebe, ni swali lingine. Ndiyo maana GRADE, utaratibu unaotumiwa na waandishi wa miongozo ya matibabu, huwataka wapime pia kile ambacho wagonjwa wenyewe wanakithamini.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi ilipo Kariobangi, ina historia yake katika swali hili la sauti ya wagonjwa. Mwaka 1985 watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba waliwapima wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Takriban theluthi mbili walikuwa na virusi. Muuguzi Elizabeth Ngugi aliwakusanya kwenye baraza, akawaeleza matokeo, na matumizi ya kondomu yakapanda. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati ule. Hata hivyo, kuitwa baraza ukaelezwa kilichopatikana si sawa na kuulizwa, kabla kazi haijaanza, ni nini kitafutwe.

Leo baadhi ya majopo ya kuandika miongozo humpa mgonjwa kiti kimoja. Hakitoshi: mtu mmoja katikati ya maprofesa kumi na watano atanyamaza tu. Wawe watatu au wanne, nyaraka wazipate mapema na kwa Kiswahili, na mama wa Kayole aliyefunga kibanda kuja kikaoni alipwe nauli pamoja na mapato ya siku hiyo.