Mjumbe wa Bodi ya Shule Naye Huchoka

Siku ya kikao cha bodi ya shule, mkulima wa Rombo huamka mapema kuliko siku zote. Zamu yake ya maji ya mfereji haimngojei mtu. Ikimpita, nyanya na vitunguu vitakaa na jua mpaka zamu nyingine. Basi hufungulia maji kungali giza, humwachia mwanawe jembe, hunawa miguu, huvaa koti na kushika njia ya shuleni, na huko hukaa mpaka jua lipinduke. Hana mshahara kwa kazi hiyo. Pengine hupewa nauli na chakula cha mchana. Na shule ikiwa haina kitu, hapewi hata hivyo.

Rombo inayosemwa hapa ni ile ya Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro na jirani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Si ile wilaya ya Tanzania yenye jina lilo hilo ng'ambo ya mpaka, ijapokuwa watu wa pande hizi mbili huonana sana sokoni. Ni nchi ya Wamaasai wenye ng'ombe, na ya wakulima waliovutwa na maji yatokayo mlimani. Shule zake hulelewa na watu wa aina zote mbili.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo inayoeleza ni nani akae katika halmashauri ya usimamizi wa shule, ambayo watu huiita bodi tu. Wajumbe 6 huchaguliwa kuwawakilisha wazazi au jamii ya mahali. 3 hutoka kwa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa. Mmoja hutajwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mwingine huchaguliwa na walimu wenzake. Na wako pia wa kuwasemea watu wenye mahitaji maalum na makundi mengine ya jamii. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Muda wa mjumbe ni miaka 3. Kwenye karatasi, basi, mzigo umegawanywa kwa mabega mengi.

Lakini shuleni mambo huwa vingine. Katika watu zaidi ya kumi walioandikwa, wanaofika kila mara huwa wanne au watano, na katika hao mmoja au wawili ndio wanaopigiwa simu bomba likipasuka, paa likiezuliwa na upepo, au mtoto akikosa kurudi baada ya likizo. Tena watu hao ndio wale wale walio katika kamati ya mfereji, katika baraza la kanisa, na katika mambo ya ardhi ya jumuiya. Mtu akionekana ni mwaminifu na anajua kusoma hesabu, kila mkutano humtaja jina. Kumheshimu mtu kwa namna hiyo ni sawa na kumtwika.

Mzigo wenyewe umekua mwaka hata mwaka. Wakati wa wito wa Harambee wa mwaka 1963, kazi kubwa ya kamati ya shule ilikuwa kukusanya fedha na kujenga vyumba. Ilikuwa kazi ngumu, lakini mwisho wake ulionekana kwa macho, maana ukuta ulisimama. Ilipofika Januari 2003 karo ya shule za msingi ikaondolewa. Serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka madarasani nchini Kenya. Wazee waliozoea mawe na mabati wakajikuta mbele ya akaunti mbili za benki, moja ya vitabu na vifaa, nyingine ya matumizi mengineyo, na stakabadhi zitakiwazo kukaguliwa. Kisha Januari 2023 darasa la saba la mtaala mpya likawekwa katika shule za msingi, na bodi nyingi zikaanza tena kutafuta vyumba na mahali pa kufundishia sayansi.

Katikati ya hayo ikaja njaa. Ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa Septemba 2021 uliua ng'ombe wengi sana Kajiado. Mjumbe aliyepoteza mifugo yake mwenyewe alitakiwa pia kuketi na kufikiri jinsi ya kuwabakiza shuleni watoto wa wenzake waliopoteza yao.

Huko Kitengela, upande wa pili wa kaunti, karibu na Nairobi, uchovu una sura nyingine. Mji umejaa haraka; watu wa Kaunti ya Kajiado walikuwa 687,312 katika hesabu ya mwaka 2009, na mwaka 2019 wakawa 1,117,840. Mjumbe wa huko aghalabu ni karani au mfanyabiashara arudiye kutoka Nairobi usiku. Jumamosi yake huliwa na kikao, na Jumapili na simu za wazazi asiowajua kwa sura. Mwenzake wa Rombo hulaumiwa na jirani uso kwa uso; yeye hulaumiwa na wageni. Haijulikani ipi ni chungu zaidi.

Mambo haya si ya Kajiado peke yake. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya uchovu alioushuhudia katika zahanati ya bure, ambako yeye na wenzake walijitolea baada ya kazi zao za mchana. Aliona wale waliokuja na moyo mkubwa ndio wanaomalizika. Akauita uchovu huo kwa neno la Kiingereza lisemwalo juu ya kitu kilichoteketea hata kikaishiwa nguvu. Leo neno hilo hutumiwa zaidi kwa watu wa maofisini wenye mishahara, na wengi wamesahau kwamba lilianzia kwa watu wa kujitolea.

Mjumbe aliyechoka namna hiyo haanguki chini ili watu wamwone. Huendelea kuja, lakini huwa mkali kwa mwalimu aliyekuwa rafiki yake. Huacha kuuliza maswali. Hatari kubwa iko hapo, kwa maana fedha za shule hulindwa na maswali: bei hii imetoka wapi, mabati haya yamehesabiwa na nani? Mtu mwaminifu akitia sahihi bila kusoma, kwa sababu ana haraka ya kurudi nyumbani, mwizi hana haja ya mlango mwingine.

Walio wengi hawathubutu kutoka. Husema, "Nikiacha, nani atashika?" Swali hilo lina ukweli, lakini lina kiburi kidogo pia, na wanakijiji hulipenda kwa kuwa huwaokoa wao na kazi. Ndiyo maana muda wa miaka 3 si jambo dogo. Kijana anayejua hesabu, au mama anayeongoza chama cha akiba, akiketishwa karibu na mwenyekiti mwaka mzima kabla ya muda kwisha, akaziona stakabadhi na kujua fundi yupi hudai nini, hatakuwa mgeni siku akichaguliwa.

Panapofanywa hivyo, siku ya makabidhiano anayetoka huwekewa kiti mbele. Vitabu vya kumbukumbu hufunguliwa mezani, madeni husomwa kwa sauti, na funguo za ghala huhesabiwa. Mtu mmoja husimama na kumshukuru kwa kutaja kazi alizofanya, si kwa kumsifu tu. Halafu mpya huuliza maswali yake ya kwanza, na yule mzee, akiwa amejibu yote, huchukua koti lake na kurudi mferejini kabla zamu yake ya maji haijaisha.